Tindo na Maji ya Mwamba

Mdogo wangu huyu, jina lake la kuzaliwa watu walilisahau hata kabla hajaota ndevu. Walimwita Tindo, kwa kile chuma cha kupasulia mawe, maana kazi yake ilikuwa kuchimba visima, na akikutana na mwamba hakuuzunguka. Wachimbaji wengine wakigonga mwamba hupanda juu wakamwambia mwenye kiwanja, mzee, hapa hakuna maji, tuhamie kule. Tindo hakupanda. Alikaa huko huko chini, ko, ko, ko, mpaka mwenye kiwanja mwenyewe anaingiwa na huruma anamwita aje ale. Alivyokuwa kwa mawe ndivyo alivyokuwa kwa watu. Akishaanza kugonga mahali, hahami.

Naandika habari zake kwa sababu msibani watu walisema mazuri matupu, na mazuri matupu si habari za mtu. Mimi ni dada yake, nilimtangulia, nilimbeba mgongoni. Nikikosea, nani aliyebaki wa kunisahihisha?

Kisima cha kwetu alikichimba babu, mzaa baba. Kiko ndani ya ua, kati ya jiko na chumba ninacholala sasa. Majirani wana visima vya udongo, vifupi, kiangazi maji yake yanakuwa kama chai ya maziwa. Chetu babu alipasua mwamba. Ndoo ukiiachia, unaweza kukohoa ukajifuta mdomo kabla hujasikia imegusa maji. Na maji yenyewe maangavu, baridi, mtu akinywa lazima aseme aah. Hakijawahi kukauka hata mwaka ule ng'ombe walipokufa wamesimama. Kwa hiyo tulikuwa na kiburi nacho. Jirani akija kuomba alipewa kikombe, hakupewa ndoo. Waliosema sisi ni wachoyo hawakusema uongo, ila uchoyo wetu uliwaponya, na hilo hawakulijua wala sisi hatukulijua.

Sasa nije kwenye meno. Sisi wa ua huu wote tuna meno ya kahawia. Si uchafu, hata uyasugue kwa mkaa na chumvi hayabadiliki. Yana mistari na madoa, mengine yana vishimo kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Baba alikuwa nayo, mashangazi walikuwa nayo, na mimi ninayo, haya machache yaliyokataa kung'oka. Shuleni wenzetu walituuliza, "Nyie kwenu mnakula kutu?" Tukirudi tunalia, baba anasema, "Mtoto wa kwangu akipotea sokoni hana haja ya kulia. Acheke tu, ataletwa nyumbani." Basi tukaacha kulia, tukawa tunacheka mdomo wazi kwa makusudi. Ikawa ndiyo alama yetu, kama ng'ombe wa mtu anavyojulikana kwa chapa.

Mgongo nao vile vile. Watu wa kwetu wakizeeka shingo hukaza, uti wa mgongo unakuwa kama mti wa bendera. Wakitaka kuona nyuma hugeuka mwili mzima, kama kabati linahamishwa. Tukasema huo ni mgongo wa ukoo. Kila kitu tulisema ni cha ukoo.

Mimi niliolewa mbali, kwa watu wanaokunywa maji ya mto. Watoto wangu wote wana meno meupe. Hakuna aliyeshangaa. Walisema wamefuata kwa baba yao, ndio wenye mtoto, yakaishia hapo. Ndiyo maana nasema ujinga nao hauingii kila nyumba. Unachagua mlango.

Mlango uliochaguliwa ulikuwa wa wifi yangu, mke wa Tindo. Alikuwa mwanamke wa kucheka polepole, kama anayeonja kwanza kama kitu kinachekesha kweli. Alimzalia Tindo wana wawili wa kiume, wote na alama kamili midomoni. Mimba ya tatu ilipofika, mama yake mzazi akapooza. Wifi akaenda kwao kumuuguza na akajifungulia huko, mtoto wa kike. Mgonjwa hakupona wala hakufa, na hapakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani, kwa hiyo wifi alikaa. Tindo alikuwa akienda kuwaona kati ya kazi na kazi, akirudi anatuchosha kwa sifa. Binti yangu anakimbia. Binti yangu anajua kuhesabu. Mara ya mwisho alimwacha kibogoyo, meno ya utoto, ambayo hata kwetu huwa meupe, yamedondoka, akawa anatuigizia anavyotamka maneno, tukacheka.

Bibi yake alipofariki, wifi akarudi na mtoto. Binti akaingia uani, akamwona baba yake, akacheka.

Meupe. Meupe pe.

Shangazi yetu mkubwa, Mungu amrehemu nami nitajitahidi kumrehemu, aliitisha watu. Akamwita yule mtoto, akamfungua mdomo kwa vidole viwili kama mtu anayenunua mbuzi. Akawaita na kaka zake wawili, akawasimamisha kando, akawafungua na wao.

"Mama mmoja, baba mmoja," akasema. "Haya, mbona hivi?"

Halafu akamgeukia mdogo wangu. "Tindo, mwanangu. Unazunguka kuchimba visima vya watu. Na chako, nani alikuwa anachota?"

Watu wakacheka. Wapo waliojizuia, lakini wengine walicheka.

Mimi nilikuwapo, nilikuja kusalimia. Nikasema, "Shangazi, achana na meno, tazama kisogo. Hicho si kisogo cha baba?"

"Nyamaza wewe," akaniambia. "Meno ya kwetu, ulimi wa kwa watu."

Nilisema. Wakubwa waliosikia wote wamekufa, lakini nilisema.

Wifi hakulia. Alisimama akamwambia mumewe, "Tindo, niulize wewe. Hawa waache. Wewe niulize, nikujibu."

Tindo alikuwa anatazama meno ya mtoto, anatazama tu. Hakuuliza. Baadaye wifi aliniambia, "Angeuliza, ningejua ananishuku. Hakuuliza, nikajua ameshamaliza." Akafunga nguo zake, akamshika mtoto mkono, akatoka.

Lakini hakwenda kwao. Na yeye alikuwa na yake kichwani. Alipanga chumba ng'ambo ya barabara, karibu na mashine ya kusaga, mbele kabisa ya mlango wetu, akaweka cherehani kibarazani. Tindo asubuhi akitoka na kamba zake na nyundo begani, anawaona. Jioni akirudi na vumbi la mawe, anawaona. Mtoto anainuka anasema, "Shikamoo, baba." Tindo aliitikia kila mtoto wa mtaa ule, hata wale waliomtania, akina marahaba mwanangu, marahaba bwana mkubwa. Kwa yule alipita kama hajasikia. Siku nyingine mtoto alirudia, akidhani ni kelele za mashine. Baadaye akaacha.

Watu wakampa jina, wakamwita Meno. Amekua na jina hilo, amejifunza ushonaji na jina hilo, mpaka kibao chake cha kazi kimeandikwa Fundi Meno. Mimi aliniita Shangazi, na mimi niliitika bee, kwa sauti, ng'ambo hadi ng'ambo, ili anayetaka kusikia asikie.

Wifi alipokuwa anakufa nilikuwa nimeshafiwa na mume nimerudi kwetu. Alinishika mkono akasema, "Wifi, mimi basi. Lakini huyu mwanangu aitwe kwa baba yake. Siku moja tu, mbele ya watu, aseme huyu ni wangu." Nikamwambia nitamkomalia. Akacheka kidogo, polepole vile vile, akasema, "Utamkomalia Tindo?"

Nilimkomalia. Kila nilipompa chakula nilimpa na neno. Alikuwa ananijibu, "Dada, chumvi imezidi," hata kama ni chai.

Ndipo lilipokuja jambo la mjukuu. Mwanawe mkubwa wa Tindo anakaa humu uani na mkewe, na mtoto wao wa mwisho alianza kutembea miguu imepinda kwa nje kama upinde. Huyu mkamwana ni msafi kupita kiasi. Maji ya mtoto aliyachemsha, na si kuchemsha kwa haraka. Aliyaacha jikoni yachemke, yachemke mpaka sufuria inabaki nusu, ndipo anaridhika kwamba kila kidudu kimekufa. Miguu ikazidi kupinda. Kule zahanati daktari akamtazama mtoto, akamtazama na baba yake anavyoongea, akauliza, "Mnakunywa maji ya wapi?"

Wakamtuma mpima maji. Kijana mrefu, buti za mpira, sanduku la barafu mkononi. Nilidhani Tindo atamfukuza. Wapi! Alifurahi kama anayepimiwa suti.

"Pima," alisema. "Pima, uandike, upeleke huko kwa wakubwa. Wajue kuna maji na kuna maji."

"Sawa, mzee. Kisima kimefunikwa vizuri. Choo kiko umbali gani?"

"Choo kiko kule chini, na mwamba uko katikati. Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, mzee wangu, nauliza tu."

"Uliza. Ukichoka kuuliza, unywe."

Kijana alichota, akamwaga ndoo ya kwanza. Akaisuuza chupa kwa maji yale yale, tena na tena, akaijaza mpaka shingoni, akafunga bila kugusa ndani ya kizibo. Chupa nyingine ndogo, ya kutazama vijidudu, akaitia kwenye barafu. Tindo alikuwa amesimama juu yake na shingo yake ya mti, anatikisa mwili mzima kukubali. Kazi safi aliipenda hata ikiwa ya mtu mwingine. Akamkaribisha kikombe. Kijana akanywa, akasema aah. "Umesikia?" Tindo akaniambia. "Hata yeye."

Alivyorudi na majibu tulikuwa wote uani. Alikaa kwenye kigoda, akaeleza vizuri, kijana mwenye adabu. Vijidudu hakuna. Naitreti, ile inayotoka vyooni na kwenye mbolea, kidogo sana. Chuma kidogo. Tindo anaitikia, "Eeh. Eeh. Umeona." Halafu kijana akasema kuna madini yanaitwa floraidi, yanatoka ndani ya mwamba wenyewe, hayaonekani, hayana harufu wala ladha. Haya yamezidi. Yamezidi mara nyingi. Kidogo yanaimarisha meno, yakizidi yanayaharibu yakiwa bado yanajijenga, na mtu akinywa miaka yote yanamwingia mifupani.

Mkamwana akasema haraka, "Lakini ya mtoto nachemsha. Nachemsha sana."

"Mama, ukichemsha maji yanapungua, madini hayapungui," kijana akamwambia. "Yanabaki mazito zaidi."

Mkamwana akaweka mkono mdomoni, hakuutoa.

Na kijana, asiyejua ameingia nyumba gani, akaendelea kutufundisha. "Hata bila chombo ningeweza kuotea. Meno yenu yanasema. Huu si urithi, ni maji. Kama yupo wa familia hii aliyelelewa mahali pengine utotoni, nendeni mkamtazame. Huyo atakuwa na meno meupe tu."

Mwanawe mkubwa aliinamisha kichwa. Ng'ambo ya barabara cherehani ilikuwa inakwenda, trrrr, inakaa, trrrr.

Tindo akasema, "Kijana, chombo chako kibovu."

"Mzee, tunaweza kurudia."

"Rudia."

Alirudia. Tindo akataka ipelekwe na chupa nyingine maabara nyingine, kwa watu wasiomjua kijana huyu, ikapelekwa. Jibu lilikuwa lile lile. Tindo akasema vyombo viwili vinaweza kudanganya pamoja, watu wawili si hudanganya pamoja? Na mbona kijana alikunywa akasema aah?

Nilimfuata chumbani kwake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, wima, maana kuinama hawezi. Nikamwambia, "Tindo, umeshasikia. Binti ni wako. Mkeo, mtoto wa watu, hakuwa na kosa. Sasa simama, vuka barabara."

Kisha akasema, "Dada. Nikisema maji ni mabaya, yule mwanamke nitamwambia nini?"

"Mwambie umekosa."

"Nimwambie akiwa wapi?"

Nikaanza kukunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

"Basi," akasema. "Maji ni mazuri."

Nikaona hapo kwamba amekutana na mwamba, na hatapanda juu.

Mwanawe akaweka mifereji ya bati na tangi kubwa, wote tukawa tunakunywa maji ya mvua. Tindo peke yake ndiye alibaki na kisima. Kamba hakuweza tena kuivuta kwa kuinama, kwa hiyo aliifunga kiunoni, anatembea kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka ndoo inatokea. Mwanawe alitaka kufunika kwa zege. Tindo akaleta kiti akakaa juu ya mfuniko. Alikuwa anakunywa kuliko zamani. Alikunywa bila kiu, anatutazama, kikombe baada ya kikombe, kama mtu anayeapa. Watu walipita getini wakasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Walisema kwa sauti ya chini, lakini hakuna sauti ya chini mtaani kwetu.

Mifupa ikamkamata kabisa. Akawa wa kiti na kitanda. Figo nazo, daktari akasema zimechoka. Nikaona nikingoja Tindo avuke barabara nitangoja kaburini. Nikavuka mimi.

"Fundi," nikamwambia, "baba yako anakwenda."

Meno alikuwa anapinda upindo wa gauni. Hakuinua uso. "Ameniita?"

"Nimekuita mimi."

"Shangazi, wewe unaniita tangu nizaliwe." Lakini alikata uzi, akavaa viatu, akaja.

Ilikuwa mchana, watu wamejaa uani kumjulia hali mgonjwa, majirani, wanawe wote wawili, hata watu wazima waliokuwa watoto siku ile ya shangazi. Tindo kwenye kiti chake kando ya kisima. Hakuweza kugeuza shingo, ikabidi wanawe wamgeuze na kiti chake, kama kabati, ndipo akamwona. Walitazamana. Alikuwa hajamtazama tangu siku ile ya kufunguliwa mdomo.

"Dada," akaniambia, "mwambie achote."

"Mwambie mwenyewe, ulimi haujakaza."

Akasema, "Chota maji."

Meno akachota. Anajua kushika kamba, mikono ya kazi. Akajaza kikombe cha bati, akampa. Tindo akanywa nusu. Nusu iliyobaki akamnyooshea.

"Wa kwetu hunywa haya," akasema. Akapaza sauti, wote wasikie. "Kunywa. Ukiyanywa, nitasema mbele ya hawa wote kwamba wewe ni mwanangu."

Nilitaka anywe, sifichi. Nikasema kimoyomoyo, kunywa, mama, kunywa. Nusu kikombe hakimuui mtu, nimekunywa mapipa. Kunywa tumalize, mama yako apumzike.

Meno alikipokea kikombe. Akakitazama ndani. Maji yalikuwa maangavu kama siku zote.

"Baba," akasema, "nikinywa nitakuwa nimesema maji ni mazuri."

Akakigeuza kikombe kidogo mkononi.

"Na maji yakiwa mazuri, mama yangu alikuwa nani?"

Tindo akafungua mdomo. Niliyaona yale meno, machache, ya kahawia kama yangu. Nilingoja. Uani wote tulingoja. Akaufunga.

Meno akakiweka kikombe kwenye ukingo wa kisima, taratibu, bila kumwaga tone. Akanyoosha gauni. Na alivyosimama pale, kidevu juu, hataki na hahami, nilimwona mdogo wangu mzima mzima, ila huyu amesimama kwa miguu iliyonyooka. Hakuna aliyehitaji kupimiwa kitu. Hata kipofu angejua ni mtoto wa nani. Akasema, "Haya, Shangazi," akatoka getini, na baada ya muda tukasikia cherehani.

Tindo alifariki juma lile lile. Hakusema. Siku ya mazishi Meno alisimama ng'ambo ya barabara, kibarazani kwake, mpaka tulipopita na maiti. Wanawe wakamwaga zege juu ya kisima. Miguu ya mjukuu, daktari anasema huenda ikanyooka kidogo, kwa kuwa bado mdogo. Anasema kidogo.

Kile kikombe hakuna aliyetaka kukigusa. Kilikaa ukingoni pale mpaka maji yakakauka yenyewe kwa jua, yakaacha utando mweupe ndani, mgumu kama chokaa. Nimekichukua mimi, kiko chumbani kwangu. Nimekisugua kwa mkaa, nimekisugua kwa chumvi. Hautoki.